Taa ya Tairi kwenye Gari la Baba

Gereji ya Pancha,
Nyuma ya ghala la mbao,
Jumanne, 9 Juni

Mpendwa Dada,

Kaa vizuri kwanza, maana unaandikiwa na fundi wa matairi asiye na mpinzani tangu gurudumu livumbuliwe. Navua tairi la lori huku namenya ndizi kwa mkono wa pili. Wenye vyeti ukutani wananiita Profesa, nami darasa la saba nililiona kwa mbali tu, kama treni iliyokwisha ondoka.

U hali gani huko? Mgongo umetulia? Shemeji bado anakoroma kama jenereta? Sisi tu wazima, ila uzima wenyewe ni wa kujikongoja.

Kidonda cha Baba kimefunga. Daktari anasema bega limepona vizuri, lakini bega bila mkono litamfaa nini seremala? Kila asubuhi anakwenda karakana kama zamani. Jana alijaribu kuranda ubao wa mlango kwa mkono wa kushoto, ubao ukawa unamkimbia mezani. Nikamtania, "Mzee, huo ubao unakuogopa." Akacheka. Kisha akasema, "Basi njoo unishikie, bwana mdogo." Nikamshikia mpaka adhuhuri.

Mama ndiye anayemfunga vifungo vya shati. Hujifanya ana haraka, anamgombeza kidogo, ili Baba asijione mzigo.

Barua yako nilimsomea Mama, nikaruka mistari. Pale uliposema gari ulilotutumia ndilo lililomkata Baba mkono, kwamba uliuziwa pikapu yenye mtambo mbovu wa kupima upepo, kwamba tangu siku hiyo hulali, sikupasoma. Mama alihisi. Akaniuliza mbona barua imekuwa fupi.

Ile taa ya dashibodi, ya kuonya upepo wa tairi ukipungua, kweli ilikuwa na uongo wake. Asubuhi za baridi inawaka, jua likitoka inazima. Mara tatu Baba aliniletea gari, mara tatu nikapima kwa geji, upepo umejaa na tundu hakuna. Nikamwambia, "Gari lako lina wasiwasi kama mkwe mpya." Huku gerejini taa hizo tunazijua. Kidude cha ndani ya gurudumu kikizeeka, hupiga kelele za mwizi nyumba ikiwa salama.

Siku ya ajali alikuwa amebeba kabati la mteja. Kwenye mteremko tairi la nyuma kulia likapasuka, gari likalala upande wake, likamsaga mkono wa kulia. Kila aliyekuja hospitali Baba alimwambia vilevile: taa haikuwaka. Watu wakalilaani gari lako, nami nikaitikia.

Mama anakusalimu, anauliza kama unakula. Bibi anasema uache kumtumia soksi, ana miguu miwili tu. Msalimie Shemeji na wale mapacha watundu. Mungu awatandikie njia laini huko mliko.

Hapo niliishia jana, nikakunja karatasi. Leo nimeikunjua tena.

Dada, Baba alikuja mara ya nne. Foleni ya wateja ilikuwa imefika barabarani, nami nilikuwa nawaonyesha jinsi ninavyofanya kazi haraka. Sikupima. Nilikata utepe mweusi wa umeme, kipande kama punje ya mahindi, nikakibandika juu ya ile taa. Nikamwambia, "Nimeiponya." Alifurahi. Nilisikia akimsimulia muuza mbao kwamba mwanawe amewashinda waliotengeneza gari.

Gari lilipovutwa hadi kituo cha polisi, nilitangulia kabla ya mkaguzi. Utepe niliubandua kwa ukucha. Kisha nikalichungulia tairi. Mle ndani mlikuwa na msumari, kichwa chake kimesuguliwa na lami mpaka kinang'aa, na ubavu wote umesagika. Hiyo si kazi ya siku moja, ndiyo kazi ninayoijua. Tairi lile lilitembea juma zima likiishiwa upepo, na juma zima taa ilikuwa inawaka chini ya utepe wangu.

Baba hakudanganya. Hakuiona. Gari lako halikuwa na kosa, wala wewe. Lala, Dada.

Baba bado sijamwambia.

Mdogo wako akupendaye, hata usiponijibu,

Profesa