Vyeo vya Mjerumani

Jumanne, 11 Machi 1975. Tottenham

Kavisugua vyote! Nimerudi kutoka kazini nikamkuta Mama jikoni na limau na chumvi, na vile vyeo vya mabegani vya maofisa wa Kijerumani, nilivyovikusanya miaka sita, vinang'aa kama sinia la arusi. Ule weusi wa ukale ndio uliokuwa thamani yake.

Nilitaka kupiga kelele, lakini nimpigie nani? Babu alikuwa boi wa ofisa wa Kijerumani kule Tanga, na Mama, mtoto mdogo, ndiye aliyemsaidia kusugua vyeo vya bwana wake. Hadithi za Mama ndizo zilizonifanya nianze kukusanya.

Jana alinijua. Leo kaniangalia, akauliza kwa adabu, "Bwana mkubwa kakutuma uvichukue?"

Nikasema ndiyo. Nikavipokea kwa mikono miwili.