Gitaa Nililokataa Kuliuza

Kalangalala, Geita

Baba yangu,

Shikamoo. Goti linasemaje na mvua hizi? Na kikohozi cha Mama kimekwisha kweli, au anakificha? Sisi huku wazima, na Joshua anakula kama mtu anayelipwa kwa kula. Biashara yangu ya chakula ndiyo imelegea. Wachimbaji wengi wamekimbilia rashi mpya, huko dhahabu ilikoonekana majuzi, na waliobaki wanaagiza chai tupu. Tunasukuma siku.

Nimeandika kwa sababu kwenye simu ungenikatisha. Kaka Maduhu alinifikishia gitaa lako na maneno yako: "Mwambie aliuze huko. Vidole vyangu vimekwisha." Baba, niliumia. Mabinti zako wote umetupigia gitaa siku ya kuagwa, amebaki Kabula peke yake. Harusi yake hiyo hapo, nawe umemwambia atafute watu wa spika!

Nililipeleka kwa jirani yangu, Fundi Rehema, anayetengeneza milango na vitanda, alisafishe lipendeze kwa mnunuzi. Zamani alipiga gitaa kwenye kwaya. Akalinusa.

"Mama Joshua, mbona linanuka moshi kama mahindi ya mbegu?"

Nikamweleza kwamba kwetu kitu cha thamani hutundikwa juu ya jiko pamoja na mbegu, mchwa wasikiguse.

"Mchwa hawajaligusa kweli," akasema. "Moto ndio umelila."

Akanionyesha. Joto lililainisha gundi, daraja linaloshika nyuzi likanyanyuka, shingo nayo ikapinda, hata nyuzi zikakaa juu mno. Akabonyeza, akaanza ubeti mmoja, akaliachia kabla haujaisha huku akipuliza vidole.

"Loh! Mzee alikuwa anapiga hili?"

"Miaka na miaka."

"Basi huyo mzee nampa heshima zake."

Hapo ndipo nilipokataa kuliuza.

Laiti ungemwona mama yule kazini! Nilikwangua gundi ya zamani kwa kisu, yeye akapaka mpya na kulibana daraja kwa vyuma. Nilipotaka kuvifungua kabla gundi haijakauka, alinipiga kofi mkononi kama mtoto. Ndani ya tundu la gitaa kuna skrubu ya kunyooshea shingo. Aliizungusha kidogo tu, akafumba jicho moja na kuitazama shingo kwa urefu wake kama anayekagua ubao, akasubiri, akazungusha tena. Sina subira hiyo, na ninyi wote mnanijua.

Kile kijiti ambacho nyuzi hulalia aliniachia mimi nikipunguze. Nikakisugua kwenye msasa kwa pupa, kikapungua mno, uzi mnene ukaanza kuvuma kama nyuki. Hakunigombeza. Aliingia kwenye kibanda changu, akachovya mkono kwenye mabaki ya supu, akatoka na mfupa wa ng'ombe. Tuliuchemsha, tukaukausha, akachonga kijiti kipya. Safari hii nilisugua polepole, nikijaribu kila mara, mpaka uzi ukatulia. Alipofikia kile kitufe ulichochonga mwenyewe kwa mti, cha kukazia uzi, alikigeuzageuza akasema, "Hiki tukiache. Aliyekichonga ana mkono." Nilijivuna siku nzima.

Mchimbaji mmoja alilisikia akataka kulinunua pale pale. Nikamwambia mwenyewe yuko Tinde.

Sasa Kaka Maduhu anakuletea. Nakuomba usilitundike tena jikoni, hata Mama akisema nini kuhusu mchwa. Kaa nalo peke yako kwanza, ubonyeze ule uzi mwembamba uliokuwa ukikukata. Sasa hata Joshua, na udogo wake, anaubonyeza kwa kidole kimoja. Vidole vikikataa kweli, lirudishe, nami nitaliuza bila neno. Lakini Rehema, anayeranda mbao kutwa, alishindwa ubeti mmoja wa gitaa lile, na wewe ulilipiga mpaka jogoo wakawika siku ninaagwa. Vidole hivyo havijaisha, Baba. Vilichoshwa.

Nisalimie Mama, na shangazi muuza vitenge, na Kaka Maduhu asipewe kazi nyingine kabla hajala. Fundi Rehema anakusalimu sana. Mwambie bibi harusi wetu Kabula awaache watu wa spika. Lakini usimwambie kwa mdomo. Piga tu, atasikia akiwa huko uani.

Wabeja, asante sana, Baba.

Binti yako,
Nkwimba, Mama Joshua