Siku Nafula Aliponyamaza

Mayi, mama yangu uliyetuacha,

Leo nilikuwa namwosha mjukuu wako nywele. Vidole vyangu vikapita juu ya lile kovu nyuma ya sikio, nikakukumbuka mpaka maji yakapoa.

Alipokuwa mchanga kichwa chake kilijaa maji, na madaktari walipomwekea paipu ya kuyatoa ulikasirika. "Ati mpira! Kwani mtoto ni baisikeli?" Kisha ngozi ikawa nyekundu kufuata njia ya paipu, kutoka sikioni hadi tumboni. Ikafura, ikapasuka. Daktari wa Kitale alipima, hakuona viini vyovyote vya ugonjwa. "Mwili wake unaukataa huu mpira," akasema. "Rudini Jumatatu. Lazima utolewe, awekewe wa aina nyingine."

Lakini wewe ulikuwa na jibu lako: mtoto asiyetulia anadai jina la marehemu fulani. Ukatupeleka nyumbani Kamukuywa, ukampakata, ukaanza kuwataja marehemu wetu mmoja mmoja, naye analia tu. Mimi nilisimama mlangoni, roho mkononi. Ulipomtaja shangazi yako Nafula, akanyamaza. Wanawake wakapiga vigelegele.

"Amekubali! Hakuna kisu tena," ukasema. Nilikuwa nimechoka, Mayi. Nilitaka sana kukuamini.

Ila wewe ndiye uliyeendelea kumtazama. Chai ilikuwa bado inamiminwa ulipomfinya mguu. Hakulia. Ukamfunua macho: yalikuwa yametazama chini, yamekwama huko, na utosi umevimba, mgumu. Paipu ilikuwa imeziba, maji yanamkandamiza ubongo.

"Huyu hajanyamaza, mwanangu," ukasema polepole. "Huyu anakwenda. Kimbia, tafuta gari!"

Njia nzima hadi hospitali ulimfinya ukimwomba alie, ukimwita majina yote, la zamani na jipya. Sijawahi kuogopa vile.

Alipasuliwa, akawekewa paipu nyingine, na ngozi yake ikatulia. Jina tulimwachia.

Siku tuliyokuzika, Nafula alilia kwa sauti ya juu mpaka wazee wakachukia. Wakaniambia nimnyamazishe, mchungaji anaomba. Nilikataa, Mayi. Nilimshika mkono, nikamwacha alie.

Pumzika. Huku kwetu kuna kelele tele, na mimi nashukuru.

Binti yako,
Mama Nafula