Shemeji Alipiga Makofi, Nami Niko Chini ya Kisima

Jumapili, tarehe 9 Juni. Ni mwaka wa pili na miezi kadhaa tangu niondoke nyumbani.

Shangazi mpendwa wa ukurasa huu, pokea salamu zangu, na naomba unisaidie kwa akili yako kwa sababu yangu imechoka. Mimi ni mchimba visima, shule niliiachia darasa la sita, kwa hiyo ukiona sentensi imepinda wewe inyooshe tu, usinicheke.

Kwanza nikwambie nimepumua. Wiki iliyopita wabunge wetu wa kaskazini wameacha kususia, wamerudi kwenye viti vyao, ile kura ya kumwondoa waziri mkuu imefutwa, pande zote mbili zimekubaliana kugawana upya mapato ya migodi, na yale maneno kwamba sisi tutajitenga tuwe na bunge letu na mpaka wetu yamekwisha kama vile hayakuwahi kutoka kinywani mwa mtu. Hapa bwenini tulipoisikia ile habari mpishi wetu akasema, "Kwa hiyo miezi mitatu nimenuniana na watu bure?" tukacheka mpaka mtu akamwaga chai kitandani. Mimi niliyeacha mke na watoto kule nilikuwa nawaza siku nikitaka kwenda kuwaona nitaombwa hati ya kusafiria na askari, tena askari wa nchi nyingine. Hilo limenitoka kifuani. Lililobaki ni dogo kuliko hilo, lakini limenikaba.

Kazi yetu, Shangazi, ni ya watu wawili wawili. Mmoja anashushwa shimoni kwa kamba, anachimba, anajaza ndoo, mwingine anabaki juu anavuta ndoo, anamwaga udongo, anairudisha, na baada ya siku mnabadilishana. Ukitikisa kamba mara moja maana yake vuta, mara mbili shusha, mara tatu nitoe mimi mwenyewe na usiniulize kwa nini. Aliye chini haoni kitu ila kiduara cha mbingu na kichwa cha mwenzake. Tangu nifike hapa mwenzangu alikuwa mtu wa kusini, mtu mzima kunizidi, tunamwita Taratibu kwa sababu ndilo neno lake, ukimwamkia taratibu, ukimuudhi taratibu. Kila asubuhi kabla hujashuka yeye anashusha kwanza mshumaa unaowaka aone kama hewa ya chini ni nzima, na kila ndoo anayovuta anaizungushia kamba kwenye kigingi cha chuma, ili hata mkono ukichoka kamba isikimbie. Nilikuwa namtania, "Mzee, kwa mwendo huu maji yatatuchoka." Yeye anasema, "Maji yapo, hayana safari."

Basi wabunge wetu walipotoka bungeni kwa hasira, chama chetu cha watu wa kaskazini kikaitisha kikao nyuma ya bweni. Chama hiki ndicho kinachotuzika, mtu akifia huku ugenini wenzake wanamsafirisha mpaka kwao. Mwenyekiti ni shemeji yangu, kaka mkubwa wa mke wangu, ndiye aliyenitafutia kazi hii na kitanda chake kiko juu ya changu. Akasimama akasema, "Waheshimiwa wametoka bungeni kwa ajili yetu, na sisi huku tunawavutia kamba watu wa kusini. Hatuoni haya?"

Mmoja akamuuliza, "Mwenyekiti, wale wakisusia posho inaingia. Sisi tukisusia kazi tutakula nini?"

Shemeji akajibu, "Nani kasema tunasusia kazi? Tunasusia watu."

Makofi yakapigwa. Nyapara naye akakubali tupangwe upya, kaskazini na kaskazini, kusini na kusini, kwa kuwa alishachoka kuamua ugomvi wetu na watu wa kusini kila asubuhi bombani. Mimi nikapewa shemeji. Sikumwambia Taratibu kitu, nilichukua tu buti zangu nikahamia shimo la jirani, akaniangalia, akasema, "Haya. Taratibu."

Shemeji ni mtu wa maneno mazuri lakini kwenye kamba si mtu. Mshumaa anasema ni uoga, kigingi anasema kinachelewesha, na shingoni ana redio ndogo inayosema bunge kutwa nzima. Siku moja, katikati ya kususia, mbunge wetu alirudi ukumbini mara moja tu kusoma madai yetu kisha atoke tena, na mimi nilikuwa chini, na kule chini redio huisikii vizuri, kwa hiyo nikawa napaza sauti, "Shemeji, amesemaje?" naye ananijibu, "Tulia, anawapa!" Ndoo imejaa mawe, imefika katikati, na mbunge akasema jambo zito, mpaka leo sijui ni jambo gani, shemeji akapiga makofi. Shangazi, mtu akipiga makofi anatumia mikono yote miwili.

Nilisikia gurudumu la kamba linalia juu, nikajibandika ukutani kama mjusi. Ndoo ilinichubua bega, ikavunja mpini wa sepetu yangu pale pale niliposimama kabla ya kusogea. Nikatikisa kamba mara tatu, nikatikisa tena, sikuona kitu. Nilikuja kuambiwa kwamba shemeji alikuwa amekaa kando ya shimo, hawezi hata kushika kamba. Halafu kwenye kile kiduara cha mbingu kikaingia kichwa kingine.

"Upo?"

"Nipo."

"Vidole vyote?"

"Vyote."

"Basi tulia. Taratibu."

Akanivuta, kamba kwenye kigingi, mpaka nikatoka. Sikupata hata pumzi ya kusema asante, akawa ameshageuka amerudi kwenye shimo lake kwa mwenzake aliyemwacha chini. Shemeji tangu siku hiyo akiingia bafuni watu wanampigia makofi, akienda kuteka maji wanampigia makofi, mpishi anamwita Mheshimiwa, na amekonda.

Sasa siasa imetulia na nyapara ametangaza, "Mwezi ujao tunaanza visima vipya, kila mtu arudi kwa anayemjua, mimi nataka maji." Moyo wangu uko kwa Taratibu. Lakini shemeji kwenye kikao amesema makubaliano ya bungeni ni ya wakubwa, si yetu, na atakayerudi kwa watu wa kusini tunamtoa chamani. Akaniangalia mimi. "Siku ukifa," akasema, "wakubebe hao hao." Mke wangu kwa simu ananiambia, "Kaka ndiye aliyekupeleka huko, usije ukamwaibisha mbele za watu," naye habari ya ndoo haijui, nilimwambia bega niligonga mlangoni. Na Taratibu nilimtumia salamu kwa mama wa kibanda cha chai, akarudisha jibu hili: "Mwambie akishuka nitamvuta. Lakini siku nikishuka mimi, nani yuko juu?" Nimelifikiria swali hilo mpaka chai ikanipoa mkononi, kwa sababu nisingeweza kumjibu kwamba ni mimi bila yeye kukumbuka zile buti.

Nikimrudia, nazikwa na nani, na ndoa yangu itakuwaje? Nisipomrudia, nabaki chini ya mtu wa makofi. Nijibu hapa gazetini kwa sababu bwenini tunalisoma wote, ila tafadhali usinitaje. Kurudi nyumbani nategemea mwisho wa mwezi wa nane, shule zikifungwa, bega likiwa limepona nisiulizwe maswali.

Ni mimi, mchimba visima.

SHANGAZI ANAJIBU

Mwanangu mchimba visima, pole kwa bega na hongera kwa kuwa hai. Umeniomba nisikutaje, nami sikutaji, lakini kwa habari ya makofi bweni zima limeshakujua, kwa hiyo jikaze usome mpaka mwisho huku wanakuangalia.

Niseme na mimi nilipumua. Nina binti kaolewa kusini, na miezi yote hiyo kila simu ikilia moyo unaruka. Kwa hiyo hofu yako ya mpaka naielewa, siikejeli. Lakini tazama picha ya ukurasa wa kwanza wa gazeti la juzi. Mbunge wenu huyo aliyetoka kwa hasira amekaa meza moja na yule wa kusini aliyekuwa akimwita mwizi, wanachekeana mpaka magego. Aliyesusia ameshaacha. Nyie aliowasusisha bado mmenuna, tena mnanuniana kwenye mashimo ya kina ambacho mtu akianguka haulizwi anatoka mkoa gani. Mnamfanyia nani? Yeye mwenyewe hajui kama mpo.

Kabla sijafika kwa shemeji yako, nianze na wewe. Nani alikuwa anapaza sauti "amesemaje, amesemaje" kutoka chini? Ulitaka mtu avute ndoo ya mawe na papo hapo akusimulie bunge. Makofi aliyapiga yeye, lakini hamu ya kuyasikia mlikuwa nayo wawili. Na siku ulipochukua buti zako ukahama bila neno, hakuna mbunge aliyekufunga mdomo. Uliona haya, ukaiita haya hiyo siasa.

Haya, tufanye kazi. Mkeo mpigie leo, usisubiri bega lipone. Mwambie kaka yake aliachia kamba, na aliyekutoa ni mtu wa kusini. Mweleze kwa upole, maana ni damu yake, lakini mweleze yote. Anakuambia usimwaibishe kaka kwa kuwa hajui kwamba kidogo tu awe mjane. Mke asiyeambiwa ukweli utamlaumu vipi kwa ushauri wake? Na usingoje mwezi wa nane ukalivua shati mbele yake na hadithi ya mlango.

Chama. Nenda kwenye kikao kijacho, unyooshe mkono, uulize swali moja kwa adabu: je, mbunge wetu naye tumtoe, maana amewarudia watu wa kusini kabla yetu? Halafu ukae. Usiongeze neno, na ukiona mtu anacheka wewe usicheke. Wakikutoa hata baada ya hapo, kubali, siku zitawarudisha, kwa kuwa kila mmoja wao ana mtu wa kusini anayemkumbuka akinywa chai. Lakini wewe kijana mwenye watoto, una haraka gani ya kupanga watakaokubeba ukifa? Panga kwanza atakayekuvuta ukiwa mzima. Huyo ukimpata, wale wengine utakuwa na miaka mingi ya kuwatafuta.

Shemeji yako usimtupe, na hilo silisemi kwa ajili ya mkeo tu. Mtu anayepigiwa makofi akienda kuoga ameshaadhibiwa vya kutosha, na nakuomba wewe uwe wa kwanza kuwanyamazisha hao wenzako. Yale maneno yake makali ya kikaoni ni ya mtu aliyeogopa siku ile na bado anaogopa, anajua nusura amuue mume wa dada yake. Mfuate mkiwa wawili, mwambie humdai. Mwambie pia kamba yako hataishika tena mpaka ajifunze kigingi, na redio abaki nayo kitandani. Nyapara anahitaji watu wa kubeba udongo mbali na mdomo wa shimo; hapo atafaa, na akisimama karibu na Taratibu macho yake yatajifunza hata kama mdomo haukubali.

Imebaki Taratibu mwenyewe. Kwanza uache kumtumia salamu kwa mama wa chai kama msichana anayechumbiwa. Mtu amekutoa shimoni na wewe unampelekea mjumbe? Nenda kwa miguu yako. Asante anayokudai mpe kwa mdomo wako, na neno la pole kwa zile buti. Usimhutubie habari za kaskazini na kusini, hotuba sote tumeshiba.

Halafu umjibu lile swali lake, kwa sababu ndilo swali la maana katika barua yako nzima na ndilo pekee ambalo hukuniuliza. Alikuuliza nani atakuwa juu yeye akiwa chini. Wewe umekaa unajiuliza kama utakuwa salama mikononi mwake, wakati hilo lilishajibiwa mchana kweupe. Anayetakiwa kuaminiwa sasa ni wewe. Kwa hiyo siku visima vipya vinaanza, fika kabla yake. Washa mshumaa, ushushe, usubiri mpaka uridhike. Gongomelea kigingi. Zungushia kamba. Akifika, usimwombe akushushe. Mwambie, "Mzee, leo juu ni mimi."

Anaweza akakataa siku hiyo, na siku ya pili. Usinune. Fika kabla yake tena. Akishashuka, mwanangu, mkono usitoke kwenye kamba, hata redio ya jirani iseme nchi imepata waziri mkuu mpya na jina lake ni lako.