Mwenye Nafaka Asiyefika Mashineni

Mama Tatu, mke wangu mpenzi,

Mjukuu wetu Rehema amekuja kunitembelea hapa Isevya, na amekuja na kazi yake. Ulitutoka kabla hajaajiriwa, kwa hiyo acha nikueleze. Anaitwa mchambuzi wa mifumo. Kabla mafundi hawajatengeneza kitu cha kompyuta, yeye huwauliza watu: nani atakitumia, anataka nini, atapita njia gani, na njia hiyo ikiziba itakuwaje. Kisha huchora vijitu vya vijiti na mistari. Nilipoviona vijitu vile kwenye kompyuta yake nilivua miwani, nikaifuta, nikaivaa tena. Mimi nilivichora ubaoni, kwa chaki, katika kijiji chetu cha ujamaa, mwaka ule tulipoletewa mashine ya kusaga.

Wakati huo hukuwa mke wangu. Ulikuwa mjane mwenye mimba, unakaa eda katika nyumba ya mama mkwe wako, na kwa hali yako eda ingekwisha siku utakapojifungua. Mimi nilikuwa mwalimu wa shule na katibu wa kamati ya mashine. Tulikuwa tumetunga utaratibu mmoja: mwenye nafaka aje mwenyewe. Tulikuwa na sababu. Vijana wenye nguvu walikuwa wakishika zamu za jamaa zao wote, na wanyonge wakirudi nyumbani jioni na mtama wao vile vile walivyokuja nao.

Nilipita nyumba kwa nyumba nikiusoma utaratibu huo. Kwenu nilimkuta mama mkwe wako barazani, anapepeta. Wewe ulikuwa ndani, nyuma ya pazia. Nilisoma mpaka mwisho, nikauliza kama kuna swali.

"Shikamoo, mwalimu," ulisema.

"Marahaba."

"Watu wanasema umechora mtu ubaoni. Mtu huyo ana miguu?"

"Anayo."

"Basi si mimi. Mimi kwa sasa sina."

Mama mkwe wako alikuwa na maneno. "Mwalimu, njia hii inayopita hapa watu wameipita na mizigo ya wenzao mpaka pwani. Babu yangu alikuwa mpagazi. Leo wewe unataka kila mwenye gunia aje nalo mwenyewe mpaka hapo tu?" Akanionyesha vidole vyake vilivyovimba. "Mimi kutwanga siwezi tena, wala kujitwika mzigo. Huyu naye mkunga amemkataza, maana alitwanga akaona damu. Tunachemsha mtama mzimamzima, na tumbo lake linaukataa. Mtoto huyu atazaliwa kwa nguvu ya nini?"

Nililipeleka jambo hilo kwenye kamati. Mwenyekiti wetu, Mzee Shabani, alitikisa kichwa. "Leo tukimruhusu mjane, kesho mvivu naye atasema anakaa eda." Wanaume wote walicheka. Hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa amewahi kukaa eda, wala hangekaa kamwe.

Nikarudi kwenu, na siku zilizofuata nikarudi tena. Mama mkwe wako alikaa kati yetu na ungo wake, na mimi niliketi chini nikiandika. Wewe, nyuma ya pazia lako, ulijigeuza watu mbalimbali. "Leo mimi ni mama wa pacha, nimejifungua jana. Nitafanyaje?" Nami nikajibu. "Leo mimi ni Mzee Shabani," ukakohoa kikohozi chake, "mkanda wa mashine umekatika na unga wangu uko nusu. Kesho nikija, nakaa mbele ya foleni au nyuma?" Bibi yule alicheka mpaka akautua ungo. Wanafunzi wangu walikuwa wakisema kwamba mwalimu wao hana meno, kwa kuwa hawajapata kuyaona. Siku hiyo yalionekana.

Nilijifunza kwamba kumwandikia utaratibu mtu mzima wa afya ni kazi ya asubuhi moja. Kazi yenyewe huanza na mtu asiyefika: kujua kilichomzuia, na kumpa njia ambayo mjanja hataiiba. Hatimaye tulikubaliana. Asiyeweza kufika amtaje mchukuzi wake kwa kinywa chake, mbele ya mjumbe wa nyumba kumi, na mchukuzi achukue mzigo wa mtu mmoja tu.

Mkutanoni Mzee Shabani alikataa tena. Ndipo mkewe, Bi Mwasiti, aliposimama.

"Mume wangu, ukifa kesho, mimi nitakula nini mpaka eda yangu iishe?"

"Sijafa bado."

"Ndiyo maana nauliza mapema."

Watu walicheka, na mzee mwenyewe akacheka, akapitisha.

Kesho yake mjumbe alikuja pamoja nami kuliuliza jina la mchukuzi wako, mimi nikiandika. Mama mkwe wako alimpendekeza mpwa wake. Wewe ukasema, "Mwalimu."

"Mwalimu yupi?" mjumbe akauliza.

"Huyo anayeandika."

Bibi aliguna. Ukamwambia, "Ana mikono miwili, mama, na hana mke wa kumtuma kwingine."

Niliandika jina langu mwenyewe, na mwandiko ukapinda. Nilibeba mtama wako kwenda na unga wako kurudi, mpaka Tatu alipozaliwa, mzima, mwenye sauti. Arobaini ilipopita ulijitokeza barazani na mtoto mkononi, ukanitazama kwa mara ya kwanza. "Kumbe mwalimu ni mfupi," ulisema. Wiki hiyo hiyo nilituma wazee waje kuposa.

Sasa Rehema anachora mfumo wa wagonjwa wazee kupata dawa zao za kila mwezi. Nilimsahihisha Kiswahili chake kwanza, akavumilia. Kisha nikamwuliza habari za asiyefika.

"Babu, hapo ndipo penye kazi. Anayefika hata mwanafunzi anaweza kumchora."

Alikuwa amekwisha kuiweka njia yake: mgonjwa atamtaja mtu wa kumchukulia. Akataka kuijaribu kwangu, kwa kuwa miguu yangu siku hizi hainifikishi mbali.

"Babu, nani atakuchukulia dawa?"

Jina lililokuja ulimini lilikuwa lako, mke wangu. Nilikuwa nimefungua kinywa kulitamka. Huyu mtoto aliondoa vidole kwenye kompyuta, akangoja, wala hakunisaidia kujibu, na hapo niliamini kwamba kazi yake anaiweza.

"Tatu," nilisema. "Mwandike mama yako."

"Ni nani wako?" akasoma swali la kwenye kompyuta.

"Binti yangu."

Tatu alikuwa uani anachochea moto. Alidhani nimemwita, akaitika, "Abee, baba?"

Nikamwambia hakuna neno, nilikuwa ninamtaja tu.

Pumzika, mke wangu. Mola akutunze mpaka tutakapoonana.

Mumeo,
Baba Tatu