Ubavu wa Kushoto

Mama,

Nimechoka. Naanza na hilo kwa sababu hukupenda mtu azungushe maneno.

Tangu tukuzike, Songea imegeuka. Soko limejaa mitumba, kila mwenye gari siku hizi ni mnunuzi wa mahindi, na ule ushirika uliokuwa ukiuuzia tumbaku umefungwa, wanachama waliobaki ni popo. Baba hajambo, ila sasa anausifia hata ugali wangu. Hapo ndipo nilipojua amefiwa kweli.

Lakini nakuandikia habari ya Skola, mjukuu wako uliyemwachia jina. Masika alivimba magoti, yakapona, tukasahau. Kisha akaanza kusimama njiani akitoka shule, mkono kiunoni, akitafuta pumzi, vilevile ulivyokuwa ukisimama wewe ukitoka kisimani. Siku nilipomwona hivyo niliogopa hata kumwita.

Nikampeleka hospitali ya misheni. Sista daktari alimsikiliza kifua kwa muda mrefu, akasema anashuku mlango mmoja wa moyo unavuja. Bahati wamepata altrasaundi, mashine inayoonyesha moyo ukifanya kazi bila kumpasua mtu. Akampaka mafuta ya baridi kifuani, akamwambia alalie ubavu wa kushoto.

Mama, mjukuu wako akakataa. Akasema, "Bibi alisema moyo utabanwa."

Unajua ulivyotulea. Nyumbani kwako hakuna aliyelalia kushoto. Ukimkuta mtu kalala hivyo, unamgeuza kama muhogo jivuni, wala huulizi kama ameamka. Na mimi nimewageuza wanangu miaka yote bila kuuliza sababu.

Sista hakumcheka. Alimweleza kwamba akilala upande huo moyo unasogea karibu na mbavu, na mashine inauona vizuri. Kisha akanigeukia, akaniuliza kama Bibi mwenyewe aliwahi kulalia kushoto. Nikamjibu hapana, na mwishoni hata kulala ulishindwa, ukawa unasinzia umekaa, umeegemea gunia la mahindi. "Wenye moyo uliochoka," akasema, "wengi wao upande huo huwatesa."

Nikamgeuza Skola kwa mikono yangu mwenyewe. Kwenye kioo cha mashine nikauona mlango mdogo ukipepea, unakwenda kufunga, haufungi sawasawa, na damu kidogo ikirudi ilikotoka, kama uzi wa rangi. Sista anasema kwa sasa unavuja kidogo tu. Atachomwa sindano kila mwezi, na koo likimuuma nisikae nikingoja, maana ugonjwa huu huanzia kooni, ukapita magotini mpaka moyoni. Huenda mlango usizidi kuharibika. Huenda, alisema, na neno hilo nimerudi nalo nyumbani, ninalala nalo.

Moyo wako hakuna aliyeuona. Ulisema kinachokukata pumzi ni moshi wa tumbaku, nasi tukaamini, maana tumbaku iliwakohoza wengi. Nililia pale pale mbele ya Sista, sitakuficha. Miaka yote hiyo tulidhani unatupa sheria, kumbe ulikuwa unatuambia panapokuuma.

Skola sasa analala anavyotaka. Jana mchana nilimkuta kwenye mkeka wako, kalalia kushoto, mdomo wazi. Mkono wangu ulikwenda wenyewe kumgeuza. Nikaurudisha, nikakaa karibu yake, nikamsikiliza akipumua mpaka chai yangu ikapoa.

Pumzika, Mama, kwa ubavu wowote unaoutaka. Sindano hataikosa, hata barabara ikiwa tope tupu. Na siku atakayoniambia kwamba kushoto hakumfai, sitasema ni mila ya Bibi. Nitambeba mgongoni, nimrudishe kwa Sista siku hiyo hiyo.

Mwanao,
Leokadia