Baba Kavugho, Ulishuka Mwenyewe

…na Mado akamjibu Masudi kwamba kama kule ni kuanguka, basi yeye Mado anaanguka kila asubuhi akitoka kitandani. Masudi akasema mutu wa miaka sitini na zaidi, juu ya gurudumu moja, hashuki, ni Mungu njo anamuangusha. Mado akamuuliza kama Mungu alimuambia yeye. Walikuwa mbele ya lango letu, Mado na ndoo ya maji kichwani, na maji yenyewe alikuwa ameyasahau.

Mwaka umezunguka, Baba Kavugho, tangu tukusindikize, na hapa kwenye avenyu yetu ya Kasuku bado majirani wanakubishania. Ungekuwepo ungecheka, halafu ungewaita wote wawili ndani.

Kwa wasiokujua: wewe ni Mbusa, na Fortunat kwa ubatizo, jina tulilokuwa tunaliita ndani ya nyumba tu, miaka ile majina ya kanisa yalipokatazwa. Ulitoka Butembo ungali kijana, ukafungua duka la kutengeneza baiskeli, ukanioa mimi Katungu. Ninasema, na Kavugho binti yetu anaandika, kwa niaba ya nyumba nzima.

Ulikuwa umetimiza miaka hamsini siku lori lilipokanyaga baiskeli yangu ya soko. Mbele yake ikabaki kama chapati. Vipuri havikuwepo: maduka ya wageni yalikuwa yamegawiwa wenyeji, na wenyeji walikuwa wamekwisha kuyala. Ukakata kilichobaki, ukafunga pedeli kwenye gurudumu lenyewe, ukaweka kiti juu. Nikawaambia watu mzee wangu ameingiwa na wazimu. Ulijifunza ukishika ukuta wa jikoni, na majirani wakaja na viti vyao kutazama. Sikuwa nimeona nyumba yetu ikijaa vile bila matanga.

Gurudumu moja halijui kusimama. Kwa hiyo salamu zako zilikuwa nusunusu. Ukienda sokoni unamuuliza Mado mtoto ameamkaje, na jibu unalipata ukirudi. Mado akazoea kukaa nalo tayari mlangoni. Njo vile avenyu nzima ilijua jirani yetu Claudine ana mimba: alikujibu kwa kelele, ukapita kabla hujasikia vizuri, ikabidi akujibu tena.

Sumaili, jirani yetu wa ng'ambo ya avenyu, alikuwa mkubwa wa animasyo, zile nyimbo na ngoma za Parti, chama kile kimoja. Alikuona, akakupeleka kwenye gwaride. Mara ya kwanza ulipita mbele ya jukwaa la wakubwa na nguo ya kijani, mikono umeitandaza, watu wakapiga vigelegele. Ulirudi nyumbani ukala sahani mbili. Mara ya pili pia ulifurahi. Kisha ikawa kila sikukuu, kila waziri akishuka kwenye ndege, na mazoezi juani. Kitu ulichokuwa unakifanya kwa raha ukakifanya kwa kuitwa. Ukaacha kwenda sokoni na gurudumu. Salamu zako zikawa nzima, za kwa miguu, na fupi.

Mama yako akaugua kule Butembo. Ukaomba ruhusa ya kusafiri, wakasema baada ya sikukuu. Baada ya sikukuu kulikuwa na mgeni, na baada ya mgeni sikukuu nyingine. Mdogo wako Thaddée akamzika mama bila wewe. Wiki hiyohiyo ulizunguka uwanjani, mikono umeitandaza.

Magoti yakaanza kuvimba. Nilikuwa ninakukanda na maji ya moto huku umekunja uso. Ukavuka avenyu kwenda kumuomba Sumaili akuache ushuke.

«Papa Mbusa,» alikuambia, «nikikutoa, wataniuliza gurudumu iko wapi. Nitapanda mimi?»

Ulicheka. Yeye hakucheka. Uliporudi ulisema yule naye amefungwa, ila kamba yake ni ndefu kidogo.

Masudi akakushauri uanguke mara moja tu, taratibu, wakuone umezeeka. Ulimwambia ukianguka mbele ya wakubwa watatafuta nani alikusukuma, na hawatakosa mtu. Vijana wa ngoma walikuwa wanacheza karibu na wewe, na wazazi wao wote unawajua. Ukabaki hivyo, Baba Kavugho: kukataa huwezi, kuanguka huwezi, kwenda kwenu huwezi.

Sikukuu ya mwisho tulikuwepo. Ulifika mbele ya jukwaa, palepale wakubwa walipokaa, ukapunguza mwendo. Ukaweka mguu mmoja chini, kisha wa pili. Ukalilaza gurudumu kwenye majani, ukatembea kuja nyumbani, hukugeuka. Ngoma ziliendelea, kwa sababu hakuna aliyeamuru zinyamaze.

Walikuja kukuchukua, nguo ya kijani ingali mwilini. Kule ofisini kwa Parti wakakuuliza kwa nini umeshuka mbele ya wakubwa. Sumaili, aliyeitwa pamoja nawe, akawahi kujibu kabla yako: ameanguka, yeye alikuwa karibu, ni magoti. Akaapa kwa watoto wake. Wakakuachia, wakabaki na gurudumu.

Ulifika nyumbani ukakaa kwenye kiti cha mlangoni.

«Nilishuka, Katungu,» ulisema. «Sumaili ameniangusha na mudomo.»

Tulikuambia amekuokoa. Ulijua. Lakini kuanzia siku ile mji mzima ulikupa pole: pole kwa kuanguka, mzee, pole kwa magoti. Ukitaka kujibu, ninakukanyaga mguu chini ya meza, kwa sababu kushuka kulikuwa kesi, na kuanguka ni bahati mbaya tu. Gwaride likakuacha. Ruhusa ya Butembo haikutoka. Homa ikakuchukua hapahapa, kaburi la mama yako hujaliona, na hata kwenye matanga yako kuna waliosema maskini, tangu aanguke hakupona.

Sasa Parti haiko peke yake tena, watu wanasema barabarani kile walichokuwa wanasema chini ya blanketi. Na sisi tunasema: ulishuka.

Wanaokukumbuka ni mimi mke wako, Kavugho na Marie-Louise, binti zako, Michel, mwanao, ambaye barabara ya Punia imemzuia kufika, Thaddée na jamaa wote wa Butembo, wajukuu, Mado na Masudi, wakimaliza kugombana. Hutatutoka moyoni, siku zote za maisha yetu, na hatutakubali usimuliwe vingine.

Kavugho alikuwa anaandika haya hapo juu wakati Sumaili alipovuka avenyu. Alikuwa hajavuka tangu tukuzike. Alisimama langoni, kofia mkononi, akatazama huku na huku kama bado kuna mtu wa kumchongea.

«Alishuka, Mama Kavugho,» alisema polepole. «Niliona mguu ya kwanza, nikaona ya pili.»

Mado akataka kupiga kelele, nikamzuia na jicho. Nikamwambia Sumaili maneno kama hayo hayasemwi langoni, yanasemwa mbele ya watu, nao wamejaa ndani kukukumbuka, na sombe ya majani ya muhogo imeiva, wali uko, samaki yuko.

«Ingia,» nilimwambia. «Ukule kwanza.»